Fuata Nafaka: Namna ya Kuisoma Vita Iliyoipasua China ya Han

Mimi huuza nafaka sokoni Kibuye, Kisumu. Mtoto wa dada yangu alipolemewa na majina ya wababe wa vita wa China, nilimwambia: mwanangu, weka majina kando, tuulize kwanza nani alikuwa na chakula.

Tandaza gunia tupu. Chora kwa chaki Mto Manjano kaskazini, Yangtze kusini, na milima magharibi.

Anzia mwaka 184, China ikitawaliwa na ukoo wa kifalme wa Han. Wakulima wa vilemba vya njano waliasi, na baadaye serikali ikawaachia wakuu wa majimbo majeshi ili wazime maasi. Hapo ndipo nchi ilipochanika, usiparuke. Mwaka 189 kaizari alifariki, jemadari Dong Zhuo akaushika mji mkuu, Luoyang, na mwaka uliofuata akauchoma.

Sasa weka ngano pale kwenye mji wa Xu. Mwaka 196 mbabe wa vita Cao Cao alimleta huko kaizari kijana, kisha akawapa watu waliokosa makao mashamba yaliyohamwa, wagawane mavuno na serikali. Kwa maoni yangu, mashamba hayo yalimfaa kuliko kaizari mwenyewe.

Mwaka 200 kaa nao sana. Kule Guandu, Yuan Shao, mbabe mwingine, alikuwa na askari wengi kuliko Cao Cao, lakini chakula chao kilikuwa kimerundikwa Wuchao. Mshauri wa Yuan Shao, Xu You, akahamia kwa adui na kutoboa siri. Usiku Cao Cao akaiteketeza akiba ile. Hapa mimi hujaza gorogoro, nikaimwaga yote mbele ya mtoto. Nimewahi kufungua gunia nikakuta fukusi wameacha unga mtupu, magoti yakaniisha nguvu. Seuze jeshi zima!

Mwaka 208 pita upesi: merikebu za Cao Cao ziliungua Chibi, asiivuke Yangtze. Sasa tenga marundo matatu, moja kwa kila dola iliyozaliwa. Ngano ni Wei, mwaka 220. Maharagwe ni Shu, 221, nyuma ya milima. Mchele ni Wu, ambako Sun Quan alijitangaza kaizari mwaka 229.

Mpe mwanafunzi maharagwe ayavushe milima kwa kijiko. Ataelewa kwa nini Zhuge Liang, waziri mkuu wa Shu aliyeongoza jeshi lake, alirudi nyuma mwaka 231, chakula kilipomwishia.

Mwaka 263 Wei inaimeza Shu: changanya maharagwe na ngano. Kisha Jin, ukoo mpya wa kifalme, inashika nafasi ya Wei. Mchele usiuguse hadi 280, Jin ilipoimeza Wu nayo.