Kutazama Ndege katika Msitu wa Karura: Tangulia kwa Masikio

Msitu wa Karura, ulio kaskazini mwa jiji la Nairobi, una zaidi ya hekta 1,000, lakini wengi huupita kwa mbio au kwa baiskeli wasione ndege zaidi ya kwarara. Ndege wa msituni hujificha juu penye majani mengi, na anayetaka kumwona hana budi kumsikia kwanza.

Ingia asubuhi, kabla ya saa moja ikiwezekana, maana kufikia saa nne nyimbo hupungua na njia hujaa watu. Vaa nguo za rangi iliyofifia. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane) hufaa msituni kuliko ya 10x42 (inayokuza mara kumi), kwa kuwa huonyesha eneo pana zaidi na haisumbuliwi sana na mtikisiko wa mikono.

Jambo kubwa ni kusimama. Tafuta mgumo (aina ya mtini wa mwituni) wenye matunda, simama mbali kidogo, jua likiwa mgongoni kwako, kisha utulie kwa robo saa nzima, kwa sababu mti wa namna hiyo huwaleta hondohondo, njiwa na shorobo (turaco kwa Kiingereza) wenyewe bila wewe kuwafuata. Shorobo wa Hartlaub hujitangaza kwa sauti nzito ya kukwaruza, karibu na kubweka. Mwili wake wa kijani humficha kabisa kati ya majani, lakini anaporuka hufunua mabawa mekundu sana, wekundu unaotokana na rangi yenye shaba ndani yake. Ukiona jani limetikisika, usiinamishe macho kuitafuta darubini; yakaze pale pale, kisha uiinue darubini hadi machoni.

Nyakati nyingine msitu hunyamaza, kisha ghafla kundi la ndege wadogo wa aina mbalimbali hupita pamoja wakiokota wadudu. Hapo chagua ndege mmoja, umtazame mdomo, jicho na mkia mpaka umjue, kwani anayewakimbilia wote hamtambui hata mmoja. Kati ya Oktoba na Aprili huwamo pia wageni waliotoka Ulaya na Asia.

Nakusihi usicheze sauti zilizorekodiwa ili kuwaita ndege, kwani dume huacha kula na kulisha makinda ili apambane na mpinzani asiyekuwapo. Ukikuta kiota cha tai mwenye kishungi, yule anayewinda hata kima, ondoka mapema na usitangaze mahali kilipo, kwa sababu jozi moja kwa kawaida hulea kinda mmoja tu kila baada ya miaka miwili. Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiutetea msitu huu usigawiwe wajenzi, nasi tuna wajibu wa kutowavuruga wakazi wake.

Andika papo hapo tarehe, saa, mahali na idadi, kisha upeleke orodha yako kwa mradi wa Kenya Bird Map, unaokusanya taarifa za ndege nchini kote. Anayeanza atafaidika sana akiungana na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, ambako wazoefu humwonyesha mgeni kila sauti na mwenye nayo.