Lhasa kwanza, milima baadaye

Ukienda Tibet kwa safari ya gari, usikimbilie kutoka Lhasa siku ya pili. Mji wenyewe uko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari, oksijeni tayari ni haba, na njia ya zamani ya kwenda mji wa Gyantse hupanda hadi Karo La, kipito cha mlimani chenye kimo cha karibu mita 5,000. Kaa siku mbili au tatu. Kunywa maji, acha pombe. Zunguka hekalu la Jokhang taratibu pamoja na mahujaji, hekalu likiwa mkono wako wa kulia, ndivyo Wabudha wafanyavyo. Kwangu mimi hakuna mazoezi bora kuliko hayo. Kichwa kikiuma na kutapika kukaanza, msipande tena. Dereva ageuze mshuke, hata kama Everest mnaiona kwa macho.