Una deikea Minnesota? Weka rejista yako sawa

Kama watoto wa deikea yako (kituo cha kulelea watoto) wanalipiwa na CCAP, yaani ule mpango wa serikali wa kusaidia wazazi kulipia malezi ya watoto, jua wakaguzi wa serikali wanaweza kutokea bila taarifa na rejista ndo kitu watakachoulizia mapema. Kwahiyo kila siku andika jina kamili la mtoto, saa aliyoletwa na saa aliyochukuliwa, palepale mlangoni, sio Ijumaa jioni unakaa unajaza wiki nzima kwa peni moja, hiyo wanaistukia fasta maana wanahesabu vichwa halafu wanalinganisha na bili uliyotuma. Mtoto hajaja? Andika hajaja, usije ukaonekana unadai watoto hewa. Mzazi naye asikusainie siku ambazo hazijafika, hata akibembeleza vipi (na watabembeleza bana). Rejista za zamani usitupe, zinatakiwa zikae miaka 6, hapohapo kituoni.