Farasi Aliyesakamwa na Chakula: Mambo ya Kuandaa Kabla Hajarudi Kwenye Kihori

Mrija ambao daktari huzibulia umio wa farasi, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ukishatolewa puani na maji yakapita bila kurudi, watu hupumua na kuanza kukunja mikono ya shati chini. Mapema mno. Umio uliozibwa hubaki umevimba, pengine umechubuka, na katika siku mbili za kwanza ni rahisi sana chakula kukwama tena palepale. Hatari ya pili iko mapafuni: mate na chakula vilivyokuwa vikitoka puani huenda vingine vilimpalia farasi, na nimonia haijitokezi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo lianze banda. Ondoa majani makavu ya ngano yaliyotandikwa chini, kwa sababu farasi mwenye njaa atayala matandiko yake. Weka maranda; kwa mtu wa Njoro au Elburgon, penye viwanda vya mbao, si kazi kuyapata. Chagua maranda yenyewe, si unga wa msumeno, maana vumbi halimfai mnyama ambaye mapafu yake yana shaka. Akianza kuyatafuna nayo, mvishe kikapu cha mdomoni kinachomruhusu kunywa maji.

Kabla daktari wa mifugo hajaondoka, muulize: chakula kilikaa umioni kwa muda gani, kuna dalili ya mchubuko, maji aanze saa ngapi, chakula saa ngapi. Aliyedungwa dawa ya kumtuliza asipewe hata jani moja hadi azinduke kabisa, kwani kumeza kwake bado ni kwa kubahatisha. Mara nyingi chakula huzuiwa saa 12 hadi 24, na zaidi kama umio umeumia. Dawa za kumeza, hasa za maumivu, zisitolewe kwa mazoea tu; baadhi huchoma kidonda kilicho wazi. Na mafuta ya kupikia yasimiminwe mdomoni, wala mpira wa bustani usiingizwe. Hivyo ndivyo mapafu yanavyojazwa kwa mkono wa binadamu.

Andaa kipimajoto, saa yenye mshale wa sekunde, na daftari la kutundikwa mlangoni ili hata saisi wa usiku aandike. Pima joto asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Farasi mzima aliyetulia huwa na nyuzi 37.5 hadi 38.5, hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, na moyo hupiga mara 28 hadi 44. Joto likivuka 38.5, pumzi ikinuka, kikohozi kikirudi, au akisimama kando kichwa chini asiitikie ndoo, mpigie daktari simu saa hiyo hiyo. Kungoja kupambazuke ni kuipa nimonia usiku mzima.

Chakula cha kwanza ni uji. Kilo 1 ya pelleti, yaani chakula cha kiwandani kilichoshindiliwa kuwa punje ngumu, iingie kwenye lita 2 hadi 3 za maji ya vuguvugu, ikae dakika 30 hadi saa nzima. Usiamini saa peke yake, kwa sababu pelleti za kiwanda kimoja hulainika upesi kuliko za kingine. Chota kiganjani ufinye, na ukihisi punje ngumu, ongeza maji usubiri. Gawa milo 4 hadi 6 midogo, ndoo ikiwa chini sakafuni, kwani kichwa kikiinama uchafu wa njia ya hewa hutoka wenyewe. Kwenye joto la Kisumu uji uliolala huchacha, basi changanya wa mlo mmoja tu. Baridi ya Molo inakupa nafasi kidogo. Pumba za ngano pekee zisigeuzwe chakula cha wiki nzima: fosforasi yake huzidi kalsiamu mbali sana. Pelleti za lusani (alfalfa) zilizolowekwa ni bora.

Daktari akisharuhusu maji, yawepo wakati wote. Asubuhi za baridi yatie uvuguvugu, maana farasi wengi hunywa machache yakiwa baridi mno, na mwili mkavu hutoa mate haba.

Nyasi fupi mbichi kwa kawaida hutangulia nyasi kavu. Nyasi kavu ya Boma Rhodes irudi baada ya wiki moja au mbili, daktari akikubali, na kwanza ikiwa imelowekwa. Majani ya nepia yenye mabua, magunzi ya mahindi na vipande vya miwa ambavyo watoto wa upande wa Muhoroni hupenda kugawa, hapana. Karoti iliyokatwa mviringo, ambayo wengi huiona salama, ndiyo umbo hasa la kuziba umio. Ikiwa lazima, ikwaruzwe.

Kabla ya kurudia chakula cha kawaida, meno yakaguliwe, kwa kuwa asiyesaga vizuri atasakamwa tena. Mlafi wa pelleti awekewe kihorini mawe laini makubwa kuliko ngumi, asiyoweza kuyabeba mdomoni, ili apunguze kasi.

Daftari lisitupwe wiki ikiisha. Mchubuko ukizunguka umio wote, kovu lake hujikunja na kuubana, na ubanaji huo hufikia kilele karibu siku ya 30. Farasi aliyekula vizuri wiki tatu kisha akasakamwa tena na uji laini, omba apitishiwe kamera umioni kabla hujabadilisha chakula.