Taa ya eabegi isiyozimika: anzia chini ya siti
Taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofunguka kukukinga kwenye ajali) kwenye dashibodi huwaka kwa sekunde chache unapowasha swichi, kisha huzimika. Ikiendelea kuwaka, kompyuta ya mfumo huo imegundua hitilafu, na huenda eabegi zisifunguke ajali ikitokea. Kabla ya kununua kifaa chochote, kagua soketi (viungio vya nyaya) za mfumo huo, kwa kawaida za rangi ya njano, zilizo chini ya siti za mbele, kwa sababu nyaya zake huvutwa kila siti inaposogezwa, na kwa gari linalozunguka Dodoma, hasa katika barabara za vumbi za Chamwino na Bahi, mtikisiko huzilegeza na vumbi huzichafua. Zima gari, ondoa waya hasi wa betri, subiri angalau dakika 10 ili umeme uliobaki uishe, ndipo uchomoe soketi, uisafishe kwa dawa ya viungio vya umeme, na uirudishe mpaka ijifunge sawasawa. Usiipime eabegi yenyewe kwa mita, kwani hata mkondo mdogo waweza kuilipua.

Iwapo honi nayo imekufa au vitufe vya usukani havifanyi kazi, shuku utepe wa nyaya uliojiviringisha nyuma ya usukani, ambao hupeleka umeme kwenye eabegi ya usukani pia.

Hata soketi ikikaa sawa, magari mengi hubaki na kumbukumbu ya hitilafu mpaka ifutwe kwa mashine inayosoma mfumo wa eabegi. Vile vifaa vya bei rahisi vingi husoma injini tu. Fundi akikushauri aing'oe balbu ya taa hiyo, tafuta fundi mwingine.