Uyoga wa kichuguu: uchume bila kuharibu kichuguu na bila kula sumu

Jamani mvua za kwanza zikishika kule kwenye misitu ya miombo, kuanzia Novemba hivi, anzeni kupita vichuguuni asubuhi mapema, maana uyoga wa mchwa haukai, ukichelewa siku mbili tatu unakuta funza washaingia.

Chini ya ardhi mchwa wanautunza kama shamba lao, wanabeba majani makavu na vijiti, uyoga unavilainisha nao wanakula, ndo maana hatuwezi kuupanda nyumbani kama tunavyopanda ule uyoga wa mamama. Kuna wa kidogo kama kifungo cha shati, halafu kuna ule wa Zambia na Katanga, Termitomyces titanicus, kofia yake inafika mita 1, hakuna uyoga wa kuliwa unaouzidi!

Sasa sikilizeni hapa, usikate juu juu. Chukua kijiti uchimbe pembeni taratibu ufuate shina. Uyoga wa mchwa mara nyingi una mzizi mrefu unaozama kwenda kwa mchwa, na katikati ya kofia kuna kinundu. Ukikuta shina limeishia kwenye kitu kama kikombe au ganda la yai, achana nao hata uwe mzuri vipi, kwenye ukoo huo ndo kuna wale wanaoua. Ukishaona mzizi unazidi kuzama basi inatosha, mega hapo, rudishia udongo. Ukifukua mpaka kwenye kiota ukakibomoa, mwakani usitegemee kitu pale.

Nyumbani chukua kofia moja uilaze kwenye karatasi nyeupe, ule upande wa chini wenye vipande vyembamba kama kurasa za kitabu ugusane na karatasi, funika na bakuli ulale. Asubuhi ukikuta vumbi la pinki pinki linaendana na uyoga wa mchwa, ukikuta la kijani tupa wote, huo ni ule mweupe wa kwenye nyasi, unatapisha na kuharisha vibaya sana.

Na yale mambo ya kupima sumu kwa kuchemsha na kitunguu saumu au kuangalia kama wadudu wameula, acheni kabisa, sumu kali haitoki kwa kuchemsha na unaweza kula usiku ukalala vizuri tumbo likaanza kesho yake. Ikitokea hivyo wahi hospitali na kipande cha uyoga wenyewe, kwa hiyo kila mara bakiza mmoja mbichi pembeni.

Kupika ni rahisi, suuza haraka usiloweke, chana kwa mkono, kaanga na kitunguu na nyanya mpaka maji yake yakauke, ndo umwagie karanga za kutwanga uache uchemke taratibu mpaka uive kabisa.