Barua ya utafiti imeingia kwenye sanduku lako, usiitupe kwanza

Wadau wa Ulaya, hii nawaandikia maana nimechoka kuona bahasha zinaishia kwenye takataka za karatasi. Miaka michache nyuma, hapa Gent, Ubelgiji, niliishi na jamaa mmoja wa kwetu Tanga, siku hiyo ikaja barua ya Kiholanzi ina jina lake kamili na nembo ambayo hakuijua, akaniita kwa sauti ya chini kabisa kama mtu aliyeona nyoka, "Kaka, uhamiaji hawa." Kumbe ni European Social Survey. Nikamwambia kaa utulie, jina lako limetoka kama la bahati nasibu, ila zawadi yake ndo maswali ya saa nzima.

Huo utafiti ulianzishwa 2001, makao yake yako chuo kimoja London, na tangu 2002 unafanyika kila baada ya miaka miwili kwenye nchi nyingi za Ulaya kwa dodoso lilelile, ili majibu ya Mreno yalinganishwe na ya Mfini. Wanauliza imani kwa serikali na polisi, afya, kazi, dini, wahamiaji, na raundi zingine wameingiza mpaka mabadiliko ya tabianchi. Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba hawatafuti raia, wanatafuta mkazi yeyote wa miaka 15 kwenda juu anayeishi kwenye nyumba ya kawaida, iwe una pasi ya Burundi au ya Ubelgiji ni sawasawa.

Sasa angalia barua yako imekujaje. Ubelgiji wanachukua majina kwenye rejista ya wakazi kwa hiyo inakuja na jina, Uingereza inakuja kwa anwani tu halafu ndani ya nyumba anachaguliwa mtu mmoja kwa utaratibu wao, na hapo ndipo sisi tunapoharibu, maana mgeni akigonga tu tunamsukuma baba mbele, "mzee ndo msemaji." Hapana jamani. Akichaguliwa dada yako wa miaka 19 ni yeye, na akikataa hawamchukui jirani wala shemeji kuziba nafasi, nafasi yake inabaki tupu na majibu ya mtu kama yeye ndo yamepotea hivyo.

Jamaa yangu alikubali mwishowe. Akaja mama mmoja mtu mzima, ana tableti na kadi ngumu zenye mstari wa 0 mpaka 10. Swali la mwanzo mwanzo: kwa ujumla unaona watu wengi wanaaminika, au na watu huwezi kuzidisha tahadhari? Mwenzangu akacheka, akasema inategemea wa Tanga au wa Gent, mama hakuelewa utani akasubiri namba. Mbele kidogo likaja la kama watu wanaotoka nchi nyingine wanaifanya nchi hii iwe pabaya au pazuri zaidi kuishi. Anaulizwa mgeni mwenyewe! Akajipa 9, moja akaikata kwa ajili ya sisi tunaopiga muziki Jumapili asubuhi.

Lugha ndo kikwazo. Dodoso linatafsiriwa kwa lugha ambayo ni ya kwanza kwa angalau asilimia 5 ya watu wa nchi, kwa hiyo Kiswahili usikisubiri Ulaya. Kama Kiholanzi chako ni cha dukani tu, uliza mapema kama kuna lugha nyingine unayoiweza, maana kwa mfano Ubelgiji Kifaransa kipo na ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura wanakijua vizuri kuliko Wabelgiji wenyewe.

Kujua kama barua ni ya kweli, usipige namba iliyo kwenye barua, ingia tovuti ya huo utafiti mwenyewe uanzie huko. Kama ni mradi wa hela za Umoja wa Ulaya, uingize jina lake au namba ya mkataba kwenye CORDIS, ambayo ni hifadhi ya wazi ya miradi yao, utaona vyuo gani vimo na wamepewa euro ngapi. Miradi ya ushirikiano ya Horizon Europe, ule mfuko wa Umoja wa Ulaya wa kulipia utafiti, lazima iwe na angalau taasisi tatu za nchi tatu tofauti, kwa hiyo ukiona "mradi wa Ulaya" una mtu mmoja na namba ya WhatsApp, funga mlango. Wakitaka namba ya akaunti ili wakulipe asante yao hiyo inawezekana, wakitaka namba ya siri ya kadi au picha ya pasipoti, sio watafiti hao.

Haki zako ziko kwenye GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inatumika tangu Mei 2018. Asili yako, dini, afya na siasa ni taarifa zenye ulinzi wa ziada. Unaweza kuruka swali, unaweza kujitoa katikati, unaweza kuomba kuona walichoandika juu yako, ila ukichelewa mpaka majina yameshafutwa hawawezi tena kujua majibu yapi ni yako, kwa hiyo kama una wasiwasi sema mapema.

Mtu ataniuliza, faida yake nini? Mwaka 2023 shirika la haki za msingi la Umoja wa Ulaya, lile la Vienna, lilitoa ripoti ya watu zaidi ya 6,700 wenye asili ya Afrika kwenye nchi 13, asilimia 45 walisema wamebaguliwa kwa rangi au asili ndani ya miaka mitano, wakati 2016 ilikuwa 39, na Ujerumani na Austria ni zaidi ya 70. Siku chama chenu kinakutana na manispaa kuhusu nyumba za kupanga, namba hizo zinabebeka mezani. Stori ya binamu yako aliyenyimwa chumba wataisikiliza kwa huruma tu, halafu wanakunywa kahawa.

Kuna upande mwingine, wa kazi. Watafiti wanatutafuta kama wakalimani na wasaidizi, hapo mimi niliumia. Kuna mradi, jina naliacha, nilikaa na akina mama wa Kivu jioni nne, fomu imeandikwa "ridhaa," mama ananiangalia tu, nikageuza "unakubali tukuulize?" ndo tukasonga, huku yeye anasema bintu na fasi na mimi nasema vitu na mahali. Malipo yangu yalikuwa sambusa. Omba mkataba wa maandishi kabla, na kuandika rekodi ya saa moja neno kwa neno hesabu ni saa kadhaa za kazi.

Na wenye masta, nafasi za PhD za mitandao ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili watafiti, ni ajira kamili yenye mshahara na bima, uraia wowote, zinatangazwa EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya kazi za utafiti. Mtego uko hapa: usiwe umeishi au kufanya kazi nchi ya hicho chuo zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Yaani wewe wa Rotterdam usihangaike na Leiden, zote ni Uholanzi, angalia Aarhus ya Denmark au Bologna ya Italia. Muda uliotumia kusubiri hadhi ya ukimbizi hauhesabiwi, hilo wengi hawaambiwi, kwa hiyo chimbua karatasi zako za kesi uone tarehe kabla hujajikatia tamaa.